Chanjo iliyoleta ugonjwa, na chanjo iliyouzima

Mwaka 1971 homa ya ubongo ya Venezuela ilivuka mto Rio Grande kutoka Mexico na kuingia Texas. Farasi alishikwa na homa, akasusa majani, kisha akawa anazungukazunguka zizini kichwa kimeinama, hadi akaanguka. Huko Texas walikufa farasi wapatao 1,500.

Mwenezaji ni mbu. Kwa nini basi nguvu kubwa ikaelekezwa kwa farasi? Linganisha na ugonjwa mwingine wa mbu: farasi mwenye virusi vya West Nile huugua, lakini damu yake haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu. Ugonjwa huu wa Venezuela ni kinyume chake: damu ya farasi hufurika virusi, mbu akinyonya anaondoka navyo, na atakayemuuma baadaye huenda akawa mwenye farasi. Ukimchanja farasi, umemkinga hata mwenye farasi.

Chanjo iliyotumika iliitwa TC-83. Virusi vyake vilitokana na punda wa Trinidad, mwaka 1943. Maabara ya jeshi la Marekani iliviotesha mara 83 mfululizo katika seli za moyo wa kijusi cha simbilisi, mpaka vikapoteza ukali. Baadaye ilibainika kwamba ukali huo ulizuiwa hasa na mabadiliko mawili tu ya kijenetiki. Mawili! Simba amefungwa kwa uzi. Hata hivyo farasi takriban milioni 2.8 walichanjwa, ndege zikanyunyiza dawa ya mbu, na mwaka haukuisha kabla mlipuko haujazimwa. Lakini chanjo hiyo ilikuwa ya virusi hai: kule Louisiana, virusi vya chanjo yenyewe vilikutwa ndani ya mbu.

Kinachonikera zaidi ni chanzo cha mlipuko. Virusi vinavyozunguka kwa miaka mingi hubadilika. Vile vilivyozuka Amerika ya Kati mwaka 1969, kabla ya kufika Texas, vilifanana mno na vya yule punda wa Trinidad, kana kwamba vilikuwa vimelala kwenye friji. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba vilitoka kwenye chanjo za zamani, ambazo virusi vyake vikali vilipaswa kuuawa kwa formalini. Dawa hiyo haivifikii vyote kwa usawa: vilivyoshikamana bonge hukingana, na vichache vikinusurika, mchanjaji ndiye anayevipeleka zizini kwa sindano yake.

Chanjo za farasi za ugonjwa huu zinazouzwa sasa Marekani bado hutumia virusi vilivyouawa kwa formalini, ila kinachouawa ni TC-83: kikiponyoka kimoja, ni kile kilichokwisha kudhoofishwa.