Pongezi kwa Wapima Mvua

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukumbukwa zaidi inapokosea. Lakini Mei 2024 ilipotahadharisha kuwa kimbunga Hidaya kinaelekea pwani, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Nyuma ya mamlaka inayotoa onyo kama lile ipo kazi isiyopigiwa makofi: saa tatu asubuhi mtu humimina maji ya kipimamvua kwenye chupa yenye alama, husoma milimita, huandika hata sifuri.

Wapo wanaolalamika kwamba utabiri wa masika huwapotosha wakulima. Hasara yao ni ya kweli. Ila utabiri wa msimu hutaja uwezekano, “wastani hadi juu ya wastani”, na anayeutangaza mapema hadharani amekubali kuhukumiwa. Ofisi ngapi za umma huthubutu hivyo? Tena, utabiri ukikosea, vipimo vinabaki, na bila vipimo vya miaka mingi hata huo wastani tusingeujua. Basi TMA na halmashauri wabandike vipimo vya mvua kwenye ofisi za vijiji, si utabiri peke yake.