Yeezus: Albamu Iliyopatikana kwa Kufuta

Mara ya kwanza kuicheza "On Sight", wimbo unaofungua Yeezus ya rapa Kanye West, niliinuka kukagua waya wa spika. Kinanda kilikuwa kinakwaruza kama msumeno uliokuta msumari ndani ya ubao. Kumbe spika nzima. Sauti imesukumwa makusudi kupita uwezo wa mashine, vilele vya mawimbi vikakatwa, yakabaki makali matupu. Katikati ya wimbo kelele inakatika ghafla, kwaya inaimba sekunde chache, safi kama Jumapili asubuhi, kisha msumeno unarudi. Hakuna daraja lolote kati ya hivyo viwili.

Albamu ilitoka Juni 2013, na gumzo lilikuwa kelele zake. Mimi naona kazi kubwa ilifanyika kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Wiki chache kabla haijatoka, West alimsikilizisha Rick Rubin, prodyuza mkongwe, rekodi za kama saa tatu na nusu. Kama alitegemea ushauri wa kuongeza, basi alikosea mtu. Rubin alishika mkasi. Zikabaki nyimbo 10, dakika 40. Hata kasha la CD halikuwa na jalada, stika nyekundu tu.

Kwenye "Blood on the Leaves" sauti ya mwimbaji Nina Simone, kutoka rekodi yake ya "Strange Fruit" ya 1965, imepandishwa ikawa nyembamba, ikaachiwa piano na nafasi tele kwa takriban dakika nzima. Ndipo tarumbeta za TNGHT, prodyuza wawili, zinapovunja mlango. Zingeingia mapema zisingetisha. Ila kuuchukua wimbo unaohusu Weusi walionyongwa mitini na kuutandika chini ya malalamiko ya mapenzi, hilo sijalimeza mpaka leo.

Rubin alipokuwa akikata, sauti za West za nyimbo tano zilikuwa bado kurekodiwa, na baadhi hazikuwa na mashairi. West alizimaliza kwa saa mbili, kabla ya kukimbilia ndege ya Milan.

Lakini anayetaka kuujua mkasi ule aende "Bound 2". Mwanzoni ilikuwa R&B iliyojaa vyombo. Vikafutwa, ikabaki lupu ya wimbo wa soul wa zamani, na kwenye kiitikio besi yenye noti moja tu, iliyokwaruzwa kwa mtindo wa Suicide, wale wawili wa New York wa miaka ya 1970. Noti moja! Ikiingia, meza yangu inatetemeka hadi kijiko kinalia kwenye kikombe.