Kudoea na Kukagua: Sahani ya Chakula katika Tamthilia ya Kuchekesha

Wahakiki wa tamthilia ya Kiswahili wamekuwa wepesi wa kuuliza mhusika anawakilisha tabaka gani, na wazito wa kuuliza anakula nini. Uzito huo una sababu zake. Chakula jukwaani huonekana kuwa jambo la vifaa tu, kazi ya yule anayetumwa kuazima sahani na sufuria, wala si jambo la maudhui. Tena kicheko chenyewe kimezoeleka kuhesabiwa kuwa ni asali ya kumlambisha mtazamaji ili baadaye aimeze dawa ya mafunzo. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa kutumia tamthilia moja iliyotafsiriwa na onyesho lake moja, kwamba katika futuhi nzuri sahani ndiyo hoja yenyewe, na kwamba mtazamaji wa Kiswahili anayo, ndani ya lugha yake na adabu zake, njia ya kuielewa sahani hiyo ambayo mtunzi mwenyewe hakuwa nayo.

Tamthilia ninayoikusudia ni Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tafsiri ya Christon Mwakasaka iliyotoka mwaka 1979. Asili yake ni mchezo wa Nikolai Gogol ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza St Petersburg mwaka 1836. Kisa chake kinafahamika: wakubwa wa mji mdogo, walaji rushwa wote, wanapata habari kwamba mkaguzi anakuja kwa siri, wanamdhania kijana mmoja mpita njia, Khlestakov, kuwa ndiye, wanamlisha, wanampa fedha na hata kumposesha binti, naye anakwenda zake kabla hawajagundua. Darasani mchezo huu hufundishwa kuwa ni tashtiti juu ya rushwa. Hakuna wa kulipinga hilo. Ila anayeishia hapo atakuwa ameueleza mwisho wa kosa bila ya kueleza mwanzo wake.

Kosa linaanza wapi? Linaanza kwenye samaki. Bobchinsky na Dobchinsky, mabwana wawili wa mji, wameingia katika nyumba ya wageni kwa sababu tumbo la mmoja wao limekuwa tupu tangu asubuhi na wamesikia kuna samaki mbichi aliyeletwa karibuni. Wakiwa wanakula, anapita kijana asiyejulikana, anaangalia huku na huku, kisha anachungulia sahani zao. Bobchinsky anasimulia kuwa hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kwa ushahidi wa jicho hilo, pamoja na habari kwamba kijana amekaa wiki ya pili, halipi wala haondoki, wanakata shauri kuwa huyu ndiye mkaguzi. Nani mwingine angeweza kukaa siku zote hizo bila ya kulipa?

Katika tendo la pili tunalipata tukio lile lile kutoka upande wa pili. Khlestakov ni karani wa cheo cha chini kabisa, aliyemaliza fedha zake kwenye karata, na mwenye nyumba amekataa kuendelea kumkopesha chakula. Anamuuliza mtumishi kwa nini wale watu wawili wafupi walikuwa wakila samaki ilhali yeye anaambiwa hakuna kitu. Jibu la mtumishi ni la mkato: wale wanalipa. Basi kumbe jicho lililowatetemesha mabwana wale lilikuwa ni jicho la njaa. Gogol hatuelezi hivyo kwa maneno. Anaziweka habari mbili mbalimbali, moja katika tendo la kwanza na nyingine katika la pili, akamwachia mtazamaji kazi ya kuziunganisha, na kicheko kikubwa cha mchezo mzima kimo ndani ya muungano huo.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia. Tunalo neno kudoea, yaani kujipitisha mahali pa kula kwa tamaa ya kupata chakula bila ya kualikwa. Mwenye tabia hiyo ni mdoezi, na mtoto hukanywa asiizoee. Tunalo pia neno kukagua, tendo la mwenye mamlaka. Kwa macho ya nje vitendo hivi viwili ni kimoja: mtu anasimama, anainama kidogo, anatazama kilichomo. Kinachotofautisha ni tumbo na cheo, na vyote viwili havionekani. Mchezo mzima wa Gogol umejengwa katika nafasi nyembamba iliyoko baina ya kudoea na kukagua. Mdoezi anapodhaniwa mkaguzi, tunachekeshwa na ujinga wa wanaodhania. Lakini hoja inakwenda mbele zaidi, kwa sababu hao wanaodhania wanalo somo walilojifunza kwa miaka mingi, kwamba wakaguzi nao huja kudoea. Hawakukosea tabia ya mkaguzi. Walikosea mtu.

Onyesho nililolitazama lilifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi mdogo wa Kware, Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado. (Kware katika kamusi ni ndege, wakazi wa hapo hulihusisha jina hilo na machimbo ya mawe ya kujengea.) Waigizaji walikuwa vijana wasio na mfadhili, na watazamaji wengi walikuwa wanafunzi wa sekondari pamoja na jamaa zao. Kwa watu wa huko siku ya kutazama mchezo ni siku ya kula nje pia. Watu huvaa vizuri, hula katika hoteli, kisha huingia ukumbini. Neno hoteli nalitumia kwa maana yake ya Kenya, yaani mahali pa kula: mabenchi, meza ndefu, pilau, matumbo, maharagwe, chapati, na sukumawiki inayokatwa pale pale mlangoni. Katika hoteli niliyoingia fedha zililipwa kabla sahani haijashuka mezani. Mkopo haukuwa na nafasi, na bango la ukutani lilisema hivyo.

Nafasi ni chache katika hoteli za namna hii, kwa hiyo mtu huketi uso kwa uso na asiyemjua. Anayeletewa chakula mwanzo huwatazama wanaongoja na kusema "Karibuni", nao hujibu "Asante, endelea." Hakuna anayetazamia kwamba mgeni atanyoosha mkono na kumega. Lakini neno lazima lisemwe, kwani ndilo linaloliondolea jicho la mngojaji ukali wake na kumwondolea mlaji aibu ya kutazamwa. Niliona wavulana watatu waliokuwa na chapati mbili baina yao wakimkaribisha mzee mmoja kwa adabu kamili, naye akakataa kwa adabu hiyo hiyo.

Watu hawa ndio walioingia ukumbini, na adabu hii wakiwa nayo. Waigizaji walikuwa wamefanya jambo ambalo Gogol hakulifanya: badala ya kuiacha habari ya samaki isimuliwe, waliiigiza. Bobchinsky na Dobchinsky waliketi mbele yetu na sahani zao, na Khlestakov akapita nyuma yao, akasita, akachungulia. Wale wawili wakanyamaza, vijiko hewani. Ukimya ukarefuka. Ndipo mama mmoja katika safu za katikati akapaza sauti: "Si mumwambie karibu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na waigizaji wakapotelewa na maneno kwa muda.

Mhakiki wa jadi angelihesabu jambo hili kuwa ni ukosefu wa nidhamu ya hadhira. Kwa maoni yangu ulikuwa ni uhakiki, tena uhakiki uliotangulia makala haya. Mama yule alikuwa amegundua kuwa mabwana wale wangalitamka neno moja la adabu, kijana angelijibu "Asante" na kupita, au angeliketi na kula, na pasingekuwa na mkaguzi wala mchezo. Wenye mali hawana neno la kumwambia mwenye njaa anapowatazama. Wana hofu tu. Katika jamii ambamo jicho la mwenye njaa halina jibu la kiutu, jicho hilo litageuka kuwa la askari, la mtoza kodi, au la mkaguzi. Maana hii haimo katika Kirusi cha Gogol kwa namna hii. Imezaliwa pale ambapo mchezo umekutana na desturi ya watazamaji wake, na ni mali halali ya tafsiri.

Kwa hiyo nawapongeza vijana wale kwa kulileta tukio la samaki jukwaani, ingawa msomi wa Gogol atalalamika kuwa wameufichua mapema mno ufunguo wa mchezo. Lalamiko hilo ni la haki. Mtazamaji anayemwona Khlestakov akichungulia sahani kabla ya tendo la pili anaikosa furaha ya kuunganisha habari mbili mwenyewe. Lakini waigizaji wengi hufanya baya zaidi: huyapitisha haraka masimulizi ya Bobchinsky na Dobchinsky kwa sababu wawili hao husema kwa kukatizana, na sahani ikapotea kabisa.

Siwezi kuwasifu kwa sahani zenyewe. Zilikuwa tupu. Katika tendo la pili Khlestakov huletewa supu na nyama, hulalamika kuwa supu ni maji matupu yenye manyoya yanayoelea na kuwa nyama ni ngumu kama shoka, na wakati wote huo anakula mpaka anamaliza. Uchungu na uchekeshaji wa onyesho hilo umo katika mdomo unaotukana na kutafuna kwa pamoja. Mwigizaji anayetafuna hewa hawezi kututhibitishia jambo hilo. Bakuli la maji ya moto na kipande cha nyama ya shingo vingetosha, na katika mtaa uliozungukwa na hoteli gharama yake isingekuwa kisingizio.

Watunzi wetu wenyewe wameliona jambo hili vizuri kuliko wahakiki wetu. Katika Amezidi ya Said Ahmed Mohamed (1995) wahusika wawili wa pangoni wanakula zaidi kwa maneno na ndoto kuliko kwa mikono. Katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege (2009) kiongozi analalamikia udogo wa mayai mezani pake huku wafanyakazi wake hawana cha kutia mdomoni. Katika Kigogo ya Pauline Kea, Kenga anawaletea wachongaji keki ya sherehe; wenzake wanakula, Sudi anakataa. Hapo sahani imegeuzwa: mwenye njaa anaalikwa, na mwaliko wenyewe ndio mtego. Watahiniwa wa Kenya walioisoma tamthilia hiyo kuanzia mwaka 2018 waliisoma pamoja na mkusanyiko wa hadithi fupi uitwao Tumbo Lisiloshiba, ambamo jitu linaingia katika mkahawa wa mtaa wa makabwela na kumaliza vyakula vyote. Sioni kuwa ni sadfa tupu. Kiswahili cha siasa hapa Afrika Mashariki kimekuwa kikilitumia neno kula kwa maana mbili kwa muda mrefu, na mtunzi anayeweka sahani jukwaani anajua kwamba hadhira itazisikia zote mbili.

Limebaki suala la majina ya vyakula, ambalo ni la mfasiri na mwelekezi kwa pamoja. Katika tendo la tatu Khlestakov amekwisha kushibishwa katika hospitali ya maskini, na anauliza jina la samaki aliyempendeza. Anaambiwa ni labardan, yaani chewa wa Ulaya aliyetiwa chumvi. Na anapoondoka kwenda kulala, analewalewa na jina hilo kinywani. Vijana wa Kware walimfanya kuwa omena. Watu walicheka sana, lakini kicheko hicho kiliuvunja mchezo. Omena ni samaki wa kila siku wa mtu wa kipato kidogo. Mgeni wa heshima halishwi omena. Nguvu ya tukio ni kwamba hospitali hiyo hiyo, ambayo wagonjwa wake wameandikiwa supu ya shayiri na ambayo kwenye korido zake hunuka kabeji tu, inaweza kumtolea mkubwa samaki wa thamani. Kabeji waliiacha kama ilivyo, na hapo walipata walichokitaka: wanafunzi wa shule za bweni walio ukumbini hawakuhitaji maelezo ya harufu ile.

Tikitimaji nalo waliliacha. Khlestakov, akiwa ameshiba, anajigamba kuwa kwake St Petersburg huandaliwa tikitimaji la rubo mia saba na supu iliyotoka Paris kwa meli, ikiwa bado ndani ya sufuria. Mwigizaji alitaja rubo mia saba, akangoja kicheko, hakikuja. Kiasi hicho hakikuwa na uzito wowote masikioni mwa watu wanaonunua tikitimaji kwa kipande kando ya Barabara ya Magadi. Angelitaja shilingi, na bei ya gari.