Uhuru Bila Mipaka: Utenzi wa Vita vya Uhuru Mbele ya Msomaji wa Kitale na Bungoma

Utangulizi

Miongoni mwa tungo za Shaaban Robert (1909–1962), Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945 ni mmojawapo wa zile zinazotajwa mara nyingi na kuchambuliwa kwa nadra. Urefu wake ni sehemu ya sababu. Utenzi huu una beti zipatazo 3,000, nao unasimulia Vita vya Pili vya Dunia tangu kuzuka kwake hadi mwisho wake. Sababu nyingine ni msimamo wake. Mtunzi, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika, anasimama bila kificho upande wa Madola Washirika. Anaviita vita hivyo vita vya uhuru ilhali nchi yake mwenyewe haikuwa huru.

Wahakiki wamelishughulikia jambo hili kwa njia mbili. Wapo wanaoona kwamba mshairi alitumiwa kama kipaza sauti cha mtawala. Wapo pia wanaomtetea kwa hoja kwamba utu wake ulivuka mipaka ya rangi na taifa, na kwamba kuupinga ufashisti kulikuwa wajibu wa kila mwenye akili timamu. Mielekeo yote miwili inamchunguza mtunzi na kumwacha msomaji. Makala haya yanachukua njia ya tatu. Yanaanza na neno moja, uhuru, na kuuliza lilifanya kazi gani lilipomfikia msomaji au msikilizaji wa Kiswahili aliyekuwa chini ya dola ileile iliyosifiwa.

Ili swali hili lisibaki hewani, msomaji huyo anawekwa mahali maalumu, yaani Bungoma na Kitale, magharibi mwa Kenya. Sehemu hizi mbili zinapakana, lakini wakati wa vita zilikuwa na hali tofauti sana. Bungoma ilikuwa katika eneo lililotengewa Waafrika, nayo ilitoa askari na vibarua. Kitale ulikuwa mji mkuu wa walowezi wa Trans Nzoia, wenye mashamba makubwa ya mahindi. Hoja ya makala haya ni kwamba neno uhuru katika utenzi lilisema mengi kuliko yale ambayo dola ilikusudia. Ushahidi wa jambo hilo unapatikana zaidi katika yaliyotokea Bungoma kati ya 1944 na 1948 kuliko katika nia ya mtunzi.

Tatizo la fani: adui asiye na uso

Utenzi wa vita ulikuwa na mapokeo marefu kabla ya Shaaban Robert. Tangu Chuo cha Herkal cha Mwengo wa Athumani (1728), tenzi za maghazi zimesimama juu ya pambano la ana kwa ana. Shujaa hutoka safuni, akajinadi kwa jina na nasaba, naye mpinzani wake akamjibu. Ushujaa huonekana kwa kuwa kuna macho ya kuushuhudia. Hata Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga juu ya vita vya Wajerumani vya 1888–1889, alisimulia uvamizi uliofika katika Mrima alioufahamu. Wahusika wake walijulikana kwa sura na kwa ukoo.

Vita vya 1939–1945 viliuvunja utaratibu huo. Rubani anayeangusha bomu usiku juu ya mji hamwoni anayemuua, wala anayeuawa hamjui. Mji mzima hugeuka uwanja wa vita, na aliyelala kitandani anakuwa mlengwa sawa na askari. Mtunzi wa utenzi anapokabiliwa na hali hiyo hupoteza nguzo yake kubwa ya fani, kwa maana hakuna majigambo, hakuna majibu, na hakuna upanga unaoinuliwa mbele ya hadhira.

Tatizo hili linazidishwa na umbali. Habari za vita zilimfikia msomaji wa Afrika Mashariki kwa magazeti, kama vile Mambo Leo la Dar es Salaam na Baraza lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, na kwa matangazo ya redio. Vyombo hivyo vilikuwa chini ya mamlaka ya wakati wa vita. Kwa hiyo mtunzi anasimulia masimulizi. Anaupokea uvamizi wa nchi za mbali ukiwa umekwisha kuchujwa, kupangwa na kupewa maana. Kisha anautia katika mizani nane, ambamo vipande vitatu vya ubeti hupatana kwa kina na cha nne hushika kina cha utenzi mzima.

Haifai kuudharau mchango wa umbo hili. Kina cha mwisho kinachorudi beti kwa beti huyaunganisha matukio ambayo gazeti liliyaleta vipandevipande. Kwa msikilizaji, kuanguka kwa mji mmoja na kushambuliwa kwa mwingine huwa sehemu za kisa kimoja chenye mwelekeo wa kimaadili, ambamo dhuluma huinuka na kuenea kabla ya kushindwa. Hata hivyo, umbo hilohilo husawazisha mambo yasiyolingana. Kile ambacho gazeti halikukisema, utenzi hauwezi kukifungia kina.

Kiongozi kama sauti

Shujaa wa upanga alipotoweka, nafasi yake ilichukuliwa na kiongozi. Vita hivi viliwaweka mbele ya walimwengu watu wachache waliotambuliwa kwa sauti zao. Winston Churchill aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Mei 1940, Adolf Hitler wa Ujerumani na Benito Mussolini wa Italia hawakupigana kwa mikono yao. Walinena, nayo majeshi yakaenda. Wakati London ilipopigwa mabomu kuanzia Septemba 1940, kazi ya kiongozi ilikuwa kuwapa watu wake maneno ya kustahimilia. Kwa ajili hiyo ushujaa ulihama kutoka kwa anayepiga hadi kwa anayevumilia, na sifa ya kiongozi ikawa ni kutosalimu amri.

Katika utenzi wa aina hii maneno ya kiongozi yana uzito wa pekee, na ndiyo maana yanapaswa kupimwa. Mwezi Agosti 1941 Churchill na Rais Franklin Roosevelt walitangaza Mkataba wa Atlantiki, uliotambua haki ya mataifa yote kuchagua serikali yao. Tarehe 9 Septemba mwaka huohuo Churchill alilieleza Bunge la Uingereza kwamba waliokusudiwa kwanza ni watu wa Ulaya waliokuwa chini ya nira ya Hitler, na kwamba suala la makoloni lilikuwa jambo jingine. Kiongozi huyo aliliwekea neno lake mipaka ya kijiografia.

Kiswahili hakikuiweka mipaka hiyo. Uhuru ni hali ya kutokuwa mtumwa, na kinyume chake kwa msikilizaji wa pwani na bara hakikuwa fumbo la kisiasa. Utumwa ulikuwa historia ya jana, na baadhi ya wazee walioishi wakati wa vita walikuwa wameushuhudia. Mshairi anapoyaita mapambano dhidi ya uvamizi vita vya uhuru, neno halisemi kwamba ni uhuru wa Wapolandi au Wafaransa peke yao. Linasema uhuru, kisha linanyamaza. Shaaban Robert huenda alikusudia kuisifu dola, au alikusudia zaidi ya hapo. Kwa vyovyote vile lugha aliyoitumia ilikuwa imekwisha kuivuka tafsiri ya London.

Kitale na Bungoma: vita visivyo na ndege

Afrika Mashariki haikukosa kabisa mabomu. Ndege za Italia zilishambulia Malindi mwezi Oktoba 1940, na miezi mitatu kabla ya hapo majeshi ya Italia yalikuwa yameiteka Moyale. Lakini katika wilaya za magharibi vita havikufika kwa njia ya anga. Vilifika kwa barua ya ofisi ya wilaya na kwa sauti ya chifu. Vijana waliandikishwa katika King's African Rifles na katika vikosi vya kazi. Wakapelekwa Uhabeshi, ambako Addis Ababa ilitwaliwa Aprili 1941, na baadaye Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Katika lugha za Kenya ya magharibi vita hivyo viliacha maneno mawili ambayo ni kumbukumbu fupi kuliko utenzi wowote. La kwanza ni Keya, linalotokana na herufi za jina la jeshi, na la pili ni panyako, linalotokana na jina la kikosi cha kazi.

Wengine hawakuvuka bahari. Kanuni za Machi 1942 ziliiruhusu serikali ya Kenya kuwaandikisha Waafrika kwa nguvu wafanye kazi katika mashamba ya walowezi kwa jina la juhudi za vita. Mahindi ya Kitale yakawa zana ya vita, nayo bei yake ikadhaminiwa kwa mkulima wa Kizungu. Kwa mtu wa Bungoma, basi, mlinzi wa uhuru na mwenye kuchukua jasho lake kwa lazima walikuwa dola moja. Hakuhitaji nadharia ili aone mgongano huo.

Ndipo kilipojitokeza kielelezo kingine cha uongozi. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji wa mpira aliyekuwa na sifa na mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alizipinga waziwazi amri za serikali, zikiwemo zile za kuandikisha watu. Mwaka 1945 alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akatolewa 1947. Septemba mwaka huo aliongoza maelfu ya wafuasi hadi ngome ya Chetambe kuwaombea Wabukusu waliouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakafa watu 11. Masinde alikamatwa na kupelekwa kuzuiliwa Lamu.

Mkusanyiko wa Chetambe unastahili kusomwa kama matini. Wabukusu wana mapokeo ya khuswala kumuse, ambamo msemaji hutembea mbele ya waombolezaji baada ya maziko akisimulia historia, akikumbusha maneno ya waaguzi na kuwaonya walio hai. Mapokeo hayo hayamtafuti shujaa aliye mbali. Huanza na wafu wa mahali pale. Hadhira iliyolelewa humo haikuwa ngeni kwa kitendo cha Chetambe. Dola ilikuwa imetoka tu kusherehekea ushindi dhidi ya uvamizi wa Ulaya, naye Masinde akaurudisha uvamizi wa 1895 mbele ya watu na kuuita kwa jina lake. Kipimo kilichotumika kumlaani Hitler kiligeuzwa kikaelekezwa Chetambe.

Kitendo hicho hakikutokana na kuusoma utenzi, kwani ulichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo cha mtunzi. Vyote viwili vinatoka katika hali moja ya kihistoria, ambamo lugha ya ukombozi ilienezwa katika makoloni na watawala waliodhani kwamba wangeweza kuamua ni nani wa kuisikia.

Askari na shamba

Shaaban Robert mwenyewe aliligusa upya suala la mwisho wa vita katika Utubora Mkulima. Mhusika mkuu anarudi kutoka vitani, anaiacha kazi ya ofisini, na anachagua jembe. Riwaya hiyo hupendwa kwa maadili yake ya kazi na kiasi. Ikisomwa Bungoma, inafichua jambo ambalo maadili hayo yamelichukulia kuwa tayari. Ili Utubora awe mkulima, lazima kuwe na ardhi ya kulima.

Baada ya Vita vya Kwanza, askari wa Kizungu waligawiwa mashamba Trans Nzoia chini ya mpango wa makazi ya wanajeshi wa 1919. Baada ya Vita vya Pili walowezi wapya walisaidiwa tena kupata mashamba nchini Kenya. Askari wa Keya aliyerejea Bungoma hakupata fursa kama hiyo. Kwake njia ya kufika katika mashamba ya Kitale ilikuwa ni kibarua au uskwota. Uchaguzi wa Utubora, ambao katika riwaya ni ushindi wa hekima, kwa askari huyu ulikuwa tayari umefanywa na sheria. Hapa ndipo ubinadamu wa Shaaban Robert unapoonyesha upungufu wake. Unamtaka mtu awe mwema mahali alipo, bila kuuliza ni nani aliyemweka pale.

Hitimisho

Kumhukumu Shaaban Robert kwa kuwa hakuandika kama Masinde alivyotenda ni kumdai mshairi deni asilokopa. Kumsamehe kwa kuwa alikuwa mtu wa wakati wake nako ni kulifanya neno lake kuu kuwa pambo. Utenzi wa Vita vya Uhuru ni kazi ambayo maana yake imempita msimulizi wake. Uliposimulia miji iliyopigwa mabomu na mataifa yaliyovamiwa, ulimpa msomaji wa koloni kipimo cha udhalimu, wala haukuweka masharti ya matumizi yake.

Kipimo hicho hakikuisha kazi bendera zilipobadilishwa. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya utenzi kuchapishwa, serikali ya Kenya huru iliipiga marufuku Dini ya Msambwa. Mwanafunzi wa fasihi anayeusoma utenzi huu Kitale au Bungoma ana haki ya kuuliza, juu ya utawala wowote unaojipamba kwa neno uhuru, linamhusu nani na linaishia wapi. Kwa swali hilo beti 3,000 zinastahili kurudishwa darasani, si kwa ajili ya mizani na vina peke yake.