Wasifu wa Mama katika Maziko

Miongoni mwa maandishi yanayosomwa mbele ya watu wengi katika nchi yetu, na kuhakikiwa na wachache, ni wasifu wa marehemu. Huandikwa kwa usiku mmoja, husomwa kwa dakika chache kando ya jeneza, kisha hukunjwa na kusahauliwa. Una mpango wake kama utenzi ulivyo na mizani yake: kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, watoto na wajukuu, ugonjwa, saa ya kufa, na mwisho safu ya sifa. Andiko la namna hii lastahili kupimwa kama mapimo ya fasihi yanavyotaka, maana kwa jamaa nyingi ndilo pekee litakaloandikwa juu ya mama yao.

Ninayo sababu ya kusema hivi. Mama yangu alizikwa Miyuji, kaskazini ya mji wa Dodoma, na wasifu wake niliuandika mimi. Nilisema kuwa alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mwenye bidii. Hapakuwa na uongo ndani yake. Lakini baada ya maziko bibi mmoja, jirani yetu wa miaka mingi, aliniita kando akasema, "Mwanangu, umesoma vizuri. Ila huyo uliyemsoma mimi sikumjua." Sikuwa na jibu. Sifa zangu nne zingaliweza kusomwa juu ya kaburi lolote, na yeyote aliyesikia asingepata kitu cha kuchukua nyumbani.

Katika fasihi yetu pana kipimo cha zamani cha jambo hili. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi hali yu mgonjwa wa siku nyingi. Humo mama hasifiwi, mama anasema. Anamwita mtoto akae karibu na wino na karatasi, kisha anamwagiza namna ya kushika dini, kuchunga ulimi, kumtumikia mume na kuwapenda maskini. Mapenzi na werevu wake twavipata ndani ya maagizo yenyewe. Na kwa kuwa alisema mambo dhahiri, wasomaji wa leo waweza kubishana naye, na hubishana naye hasa juu ya utii wa mke kwa mume. Hiyo si dosari ya utendi, bali ni alama ya uhai wake. Neno "mpole" halibishiki, na neno lisilobishika ni vigumu kulirithi.

Nikitumia kipimo hicho najua ningaliandika nini. Mama alitundika masuke ya uwele wa mbegu juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, na hapakuwa na mkono ulioyagusa kabla ya mvua. Katika ukame wa mwaka 1974 chakula kilikwisha nyumbani. Tulilala kwa mlenda mtupu, na masuke yakining'inia juu ya vichwa vyetu. Mdogo wangu alilia, mama naye akalia, lakini hakuyashusha. Nilimwona katili, na niliendelea kumwona hivyo kwa miaka mingi. Mvua iliponyesha alipanda, na mbegu iliyobaki akazigawia nyumba mbili zilizokuwa zimekwisha kula mbegu zao. Nyumba moja ilikuwa ya bibi yule aliyeniita kando.

Mafunzo hayo mama aliyapata kwa mama yake, aliyeiona utotoni njaa ya Mtunya. Njaa hiyo iliikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, na ukame ukaongezeka juu yake. Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo, aliandika habari za watu wake katika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika mwaka 1954. Lakini kitabu cha kabila zima hakiwezi kubeba tendo la kila mama. Kazi hiyo ni ya watoto wake.

Kwa nini basi sikuliandika? Niliona haya. Nilidhani mama aliyewanyima wanawe chakula atahukumiwa na waombolezaji, na desturi yetu yataka marehemu asitiriwe. Desturi hiyo ni njema inapomlinda maiti na maadui zake. Mimi niliitumia kumficha mama kwa waliompenda. Niliufuta ukali wake, na kwa kuufuta nikaufuta na ukarimu wake, maana viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja: asingalikuwa na cha kugawa kama asingalijua kukataa.

Kwa hiyo namshauri mwanafunzi wa fasihi, siku itakapomfikia zamu ya kushika kalamu msibani, aanze na tendo moja ambalo watu wakilisikia watajua ni la mama yake. Aliseme hata kama lilimwuma. Sifa na zije baadaye, zikiwa bado zahitajiwa.