Wasomaji wa Upepo wa Nam Lolwe

Yuko nahodha mmoja pale Mbita, mzee aliyekwisha kuacha kuvua lakini mwili wake haukuacha kuamka. Kila alfajiri hushuka ufuoni, na kabla ya kusema neno lolote juu ya ziwa hulipa mgongo. Vijana wanaopakia nyavu na madumu ya petroli hutazama maji. Yeye hutazama nchi kavu. Hutazama moshi wa meko ya kwanza umelalia upande gani. Hutazama mlima Gembe, kama kilele kiko wazi au kimefunikwa. Kisha hutoa uamuzi wake kwa sauti ya chini, akimwita "omera" yeyote aliye karibu: leo nendeni ila mrudi kabla ya saa nane, au, leo subirini. Vijana humjibu kwa adabu, "Sawa, Jaduong'," na kuvuta kamba ya injini.

Adabu hiyo ndiyo inayonihuzunisha. Mzee anaamkiwa, anapishwa kwenye benchi, ananunuliwa chai. Kinachokataliwa ni kazi yake. Na kazi yake, kwa maoni yangu, ni mojawapo ya kazi za ustadi mkubwa zilizowahi kufanywa katika nchi ya Homa Bay na Migori, ingawa haikuacha chungu wala ngoma ya kuwekwa kwenye jumba la makumbusho.

Baharia wa pwani hugawa mwaka. Ana kaskazi yake na kusi yake, na hata wageni wanaosimama juu ya mbao zenye tanga kule Diani na Watamu hupanga safari zao kwa kalenda hiyo hiyo. Baharia wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, hugawa siku. Ziwa lina takriban kilomita za mraba 68,800, na maji mengi kiasi hicho hayapoi upesi. Usiku nchi kavu hupoa kwanza, na hewa huteremka kutoka milima ya Gwasi na nyanda za Kisii kwenda ziwani. Mchana nchi hupata joto kabla ya maji, hewa yake hupanda, na upepo wa ziwa huja kuchukua nafasi iliyoachwa. Wavuvi wa tanga walijenga maisha yao juu ya mwendo huo. Upepo wa alfajiri uliwatoa, upepo wa alasiri ukawarudisha, na ngege walifika sokoni bila tone la mafuta kuchomwa. Upepo wa kusi nao hufika, kati ya Juni na Agosti, na kuvuruga maji hadi chini. Lakini hata huo huongezwa au hupunguzwa na saa za ziwa, na aliyezijua saa hakushangazwa na mwezi.

Baina ya pepo hizi mbili kuna kipindi ambacho sijaona kikiandikwa mahali popote, nami nakipenda kuliko sehemu nyingine yote ya siku ya ziwani. Ni ule utulivu wa saa nne asubuhi, wakati upepo wa nchi kavu umekwisha na wa ziwa haujaja. Utotoni nilisafiri na mjomba wangu kutoka Sori kwenda Muhuru, tukifuata ufuo kuelekea kusini, upepo wa asubuhi ukitupiga kutoka mashariki. Ilipofika saa hiyo tanga lililegea likaning'inia kwenye foromali. Maji yakawa bapa. Sauti za wanawake waliokuwa wakifua ufuoni, mbali sana, zikatufikia wazi kabisa. Binamu yangu akashika kafi apige, na mjomba akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

Mjomba alichovya vidole majini akajipaka nyuma ya masikio yote mawili. Akakaa hivyo, macho nusu yamefumbwa. Hakuna aliyezungumza, kwa sababu tulikwisha kujua kwamba hapo kuzungumza ni kumharibia mtu kazi. Ngozi iliyolowa huhisi baridi ya pumzi ndogo ya hewa ambayo bado haijawa na nguvu ya kutikisa uzi. Baada ya muda alisema neno moja tu, tugeuze. Tukalihamishia tanga upande wa pili, katika utulivu ule ule, pasipo upepo wowote wa kulijaza, na demani ikafungwa mahali pake papya. Ndipo tukaona mstari mweusi kule magharibi juu ya maji, mwembamba, ukija. Ulipotufikia, mtumbwi wetu ulikwisha kujiandaa kuupokea, ukainama kidogo na kuondoka. Mitumbwi miwili iliyokuwa karibu nasi ilikuwa bado inahangaika na kamba.

Mjomba hakuwahi kutueleza kanuni ya jambo hilo. Mafunzo yenyewe hayakuwa ya kuelezwa. Mtoto aliwekwa mbele ya chombo na kopo la kukumba maji, akakumba kwa miaka, na katika kukumba akajifunza kutazama alikotazama mkubwa wake. Alijifunza kwamba gugu maji, tangu lilipoingia ziwani, lina faida yake moja: visiwa vyake vya kijani huonyesha upepo wa mbali unakwenda wapi kabla haujakufikia. Alijifunza kuyatazama yale mawingu ya vijidudu yanayopanda juu ya maji kama moshi, yanakosimama na yanakoinamia. Alijifunza kutofautisha wingu jeupe la mchana lililokaa juu ya milima, ambalo ni la wakulima, na wingu lenye kitako cheusi linalozaliwa ziwani kwenyewe. Na aliogopeshwa mapema na nyakoi, ile nguzo ya maji na upepo inayoteremka kutoka wingu hadi ziwani, ili siku atakapoiona akumbuke kushusha tanga kwanza na kushangaa baadaye.

Huko Nyatike kulikuwa na elimu yake ya pekee, ya mdomo wa mto Kuja. Mvua ikinyesha usiku kule Kisii, mto hushuka mwekundu na wenye nguvu, ukisukuma maji yake ndani ya ziwa. Mchana upepo wa ziwa huja kuukabili. Pale mkondo na upepo vinapopigana, mawimbi husimama, yakawa mafupi na makali, kiasi cha kujaza mtumbwi maji huku ziwa la wazi, hatua chache kutoka hapo, likiwa la kawaida. Wazee wa upande huo hawakutazama mawingu ya kwao tu. Waliuliza jana kulinyesha nini Kisii. Swali hilo lilikuwa utabiri kamili, na lilihitaji mtu mwenye kukumbuka kwamba mto una mwanzo mahali pengine.

Historia ya haya yote sidai kuisimulia kikamilifu. Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1875 ndani ya Lady Alice alikuta watu wa makafi. Tanga la pembetatu lilikuja na majahazi ya wafanyabiashara, mkono wa pwani ukifika hadi bara, na watu wa Karungu, Rusinga na Mfangano wakalifanya lao. Ujuzi wa mbingu walikuwa nao zamani. Kisiwani Mfangano, Abasuba walikuwa na ukoo wa Wasamo uliosifika kwa mambo ya mvua. Waliposhika tanga walilishika kwa macho yaliyokwisha kufundishwa.

Kisha ikaja mbuta. Samaki huyo alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameleta viwanda, malori ya barafu, na haja ya haraka. Injini ilikuja kwa sababu ya haraka hiyo, na siilaumu. Mama mwenye uchungu wa kuzaa kisiwani Remba hahitaji utulivu wa saa nne. Ninacholaumu ni kwamba tulipokabidhiwa mashine ya kwenda kinyume na upepo tuliacha hata kuuliza upepo uko wapi. Siku hizi kijana hutoka Muhuru hadi Migingo akiinamia simu, na hesabu yake yote ni ya lita. Lita zikiisha, au plagi ikiloa, yuko mahali ambapo babu yake asingefika bila kusoma mbingu mara kumi, naye hajasoma hata mara moja. Mara nyingi hana mlingoti, hana kafi la maana, na jaketi la kuokolea maisha liko nyumbani likingoja mkaguzi.

Wavuvi wa omena wana hatari ya ziada. Wanavua usiku wa giza, mwezi ukiwa umepotea, na taa zao hung'arisha maji na kuzima mbingu. Usiku ndio wakati ambapo pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, hewa yenye joto na unyevu hupanda, na radi huzaliwa. Zamani katika kila chombo alikuwepo mmoja aliyekatazwa kuitazama taa. Alikaa nyuma, macho yake yamezoea kiza, akilinda upeo. Nimeuliza kuhusu mtu huyo katika fuo kadhaa. Vijana hawajui kwamba alikuwako.

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekuwa likitaja makadirio ya vifo 3,000 hadi 5,000 kwa mwaka katika ziwa zima. Kwa ajili ya vifo hivyo ulianzishwa mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY, ulioziunganisha idara za hali ya hewa za Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na leo mvuvi wa Homa Bay anaweza kupata utabiri wa ziwa wenye kasi ya upepo, urefu wa mawimbi na uwezekano wa radi. Hii ni kazi njema na ninaiheshimu. Satelaiti huona dhoruba ikikua juu ya Ukerewe wakati mzee wa Mbita bado hajaamka. Lakini utabiri husemea eneo, na mtu huzama mahali. Hauwezi kumwambia wa Nyandiwa kwamba upepo huo huo ukishuka kutoka Gwasi utamfikia kwa vishindo, wala kumwambia wa mdomo wa Kuja kwamba leo asipite katikati. Hapo ndipo alipohitajika yule aliyelipa ziwa mgongo, autie utabiri ndani ya ufuo wake. Kijana wetu amewaacha wote wawili: ujumbe anaufuta bila kuufungua, na mzee anamnunulia chai.

Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa. Kwa miezi minne vyombo vimepinduliwa mchangani, vijana wako ufuoni wakicheza karata, wazee wako chini ya miti ile ile, na kila kaunti ina mkurugenzi wake wa hali ya hewa. Kamati za fuo za Mbita, Sindo, Sori na Muhuru hazihitaji bajeti wala mfadhili kuwakalisha pamoja. Wafanye hivyo Aprili ijayo, maana wazee wanaoweza kufundisha wamebaki wachache, na baadhi yao macho yameanza kufifia.