Ufundi wa Kuiaga Nodi

Kuongeza mashine kwenye klasta ya Kubernetes hakumpi mtu jina. Unabadilisha tarakimu moja kwenye faili, mbili inakuwa tatu, na baada ya dakika chache seva mpya imesimama Cape Town au Frankfurt, imejitambulisha na kuanza kupokea kazi. Mwanafunzi wa Mutanga, hapa Bujumbura, aliye na kompyuta, na kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, atalimaliza jambo hilo kabla ya chakula cha mchana. Fundi anajulikana siku ya kuiondoa. Aiondoe saa nne asubuhi, watu wa Bujumbura wakiwa katikati ya kulipa na kulipwa kwa simu, na asiwepo hata mmoja aliyeona skrini yake ikisita. Mtu wa namna hiyo namwamkia kwa heshima, na kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Kwa asiyeijua, Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye kundi la mashine liitwalo klasta, ilitangazwa na Google mwezi Juni 2014, na toleo lake la 1.0 likatoka Julai 2015. Ndani yake kuna upande wa uongozi, unaotunza kumbukumbu na kupanga nani afanye nini, na kuna nodi za kazi, mashine zinazobeba programu zenyewe zikiwa zimefungashwa katika vifurushi viitwavyo podi. Mpangilio wa kawaida huruhusu podi 110 kwa nodi moja. Podi hazina kwao. Leo ziko hapa, kesho ziko pale, na programu iliyoandikwa vizuri haijali imelala wapi.

Julai ya mwaka huohuo wa 2014, HashiCorp, kampuni ya Mitchell Hashimoto na Armon Dadgar, ilitoa Terraform, zana ya kuunda na kuondoa mashine kama hizo kwa maandishi. Unaandika kile unachotaka kiwepo, nayo inalilinganisha andiko lako na hali ilivyo, kisha inaziba tofauti. Moduli ni sehemu ya andiko iliyokusanywa pamoja ili itumike tena na tena: unaipa aina ya mashine, idadi ya chini na ya juu, kanda na lebo, nayo inakuzalia kundi zima la nodi. Ukiiita mara tatu kwa thamani tofauti, una makundi matatu yanayofanana kwa tabia. Agosti 2023 HashiCorp ilipobadilisha leseni ya Terraform, wanajumuiya walianzisha OpenTofu, ambayo sasa iko chini ya Linux Foundation. Kwa ofisi ndogo ya hapa mjini Rohero isiyotaka kuamka na kukuta masharti mapya mezani, huo ni mlango wa kushukuru.

Kabla ya kugusa chochote, Terraform hukuonyesha mpango. Alama ya kujumlisha ni kitu kitakachoundwa, ya kutoa ni kitakachofutwa, na kiwimbi ni kitakachobadilishwa palepale kilipo. Halafu kuna alama mbili zilizoshikana, na hizo ndizo zinazomtofautisha msomaji na mpitaji. Kutoa kukitangulia kujumlisha, kundi la nodi litafutwa kwanza, kisha lijengwe jipya, na katikati ya hayo mawili programu hazina pa kukaa. Kujumlisha kukitangulia, jipya litasimama kwanza ndipo la zamani liondoke. Alama ni zilezile, zimebadilishana nafasi tu. Fundi huagiza mpangilio huu wa pili ndani ya moduli yenyewe, kisha anakumbuka kwamba makundi mawili hayawezi kubeba jina moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo huyapa jina la mwanzo linalofanana na kuacha herufi za mwisho zitungwe na mashine. Hakuna atakayempongeza kwa hilo.

Jambo la majina linastahili nafasi zaidi. Moduli inaweza kuyahesabu makundi kwa namba, sifuri, moja, mbili, au ikayaita kwa majina. Anayeanza huchagua namba kwa sababu ni fupi. Sasa fikiria avenyu za hapa kwetu Buyenzi, ambazo tunazitaja kwa namba. Ingefutwa avenyu ya tano na zinazofuata zikasogezwa nafasi moja, kila nyumba ya kuanzia ya sita ingekuwa na anwani ya jirani yake, na mleta barua angezunguka hadi magharibi. Terraform hufanya hivyohivyo. Ukiondoa kundi lililo katikati ya orodha ya namba, yaliyobaki yanashuka nafasi moja moja, nayo inaona vitu vilivyohama na inataka kuvibomoa na kuvijenga upya, ingawa wewe ulikusudia kuondoa kimoja tu. Yakiwa na majina, kundi la malipo, la ripoti, la kazi za usiku, unaondoa moja na mengine hayatikisiki. Uamuzi huo hufanywa siku ya kwanza, wakati hakuna anayewaza kuondoa chochote.

Sasa kuaga kwenyewe. Amri ya kwanza huifunga nodi isipokee podi mpya, na zilizomo ndani zinaendelea na kazi. Amri ya pili huzihamisha, na hapa Kubernetes ina adabu ninayoipenda kuliko kitu kingine chochote ndani yake: haizitoi podi kwa nguvu, inaomba. Kila mwenye programu anaweza kuandika bajeti ya usumbufu, akasema, kwa mfano, kati ya nakala zangu tatu, mbili zisikosekane. Ombi la kuhamisha podi likivunja sharti hilo linakataliwa, na mwombaji anasubiri nakala nyingine isimame mahali pengine ndipo arudie. Likikubaliwa, podi hupewa ishara ya kumaliza na, kwa kawaida, sekunde 30. Ndani ya sekunde hizo programu njema inawajibu walio mlangoni, inafunga mawasiliano na hifadhidata, inatoka. Programu isiyosikiliza ishara hukatwa kauli muda ukiisha.

Kwa hiyo fundi wa nodi hawezi kuwa mtu wa kujifungia peke yake. Lazima akae na waandishi wa programu na kuwauliza: ikipewa ishara, inafanya nini? Nakala ziko ngapi? Maana kuna bajeti nyingine zimeandikwa kwa hofu, nakala moja na sharti kwamba moja isikosekane, na nodi yenye podi kama hiyo haitahamishika mpaka mtu aingilie. Vilevile podi iliyoweka data kwenye diski ya muda ya nodi huizuia amri isiendelee, mpaka useme kwa maneno yako kwamba unakubali data hiyo ipotee. Napenda vizuizi hivi. Kila kimoja ni swali ambalo mtu mwenye haraka angelipita.

Na adabu hii ina mipaka ambayo lazima uijue. Kwenye huduma ya nodi ya AWS, wingu la Amazon, ukibadilisha toleo la kundi, bajeti za usumbufu zinaheshimiwa. Lakini ukipunguza tu idadi ya nodi kwenye faili, huduma hujaribu kuzihamisha podi, na dakika 15 zikipita mashine inazimwa, bajeti iseme isemavyo. Badiliko la tarakimu moja, lile jepesi kuliko yote kuandika, ndilo lenye ulinzi mdogo. Ndiyo maana aliyebobea hapunguzi namba ili kuondoa nodi. Anasimamisha kundi jipya pembeni, anafunga la zamani, anahamisha podi kwa zamu, anatazama, ndipo analifuta kwenye andiko.

Kuna na ufundi wa kunyamaza. Idadi ya nodi huongezwa na kupunguzwa na kipima mzigo kinachofanya kazi usiku na mchana ndani ya klasta. Ikiwa moduli nayo inashikilia idadi ileile, kila mara andiko linapotekelezwa litazirudisha nodi kwenye namba ya zamani, na wawili hao watavutana bila mwisho. Fundi anaandika mstari mmoja: idadi ya sasa usiiangalie, shika ya chini na ya juu tu. Moduli nzuri inajua lipi si lake.

Kwa nini niyaseme haya nikiwa Bujumbura? Kwa sababu hapa thamani ya kazi hii inaonekana wazi. Hakuna wingu kubwa lenye kituo chake Burundi. Microsoft ilifungua Johannesburg mwaka 2019, AWS Cape Town Aprili 2020, Google Johannesburg Januari 2024. Sisi tunazifikia mashine zetu kwa nyuzi zinazopita kwa jirani, Tanzania au Rwanda, hadi baharini Dar es Salaam na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Afrika Mashariki ikapoteza sehemu kubwa ya njia zake. Siku kama hiyo, nodi ya Cape Town haitambui kwamba umepotea. Kila sekunde 10 inaufahamisha uongozi wake kwamba iko hai. Ikikaa kimya chini ya dakika moja inatiwa alama, na dakika tano baadaye podi zake huanza kuondolewa ili nyingine zisimame mahali pengine. Yote yanafanyika hukohuko, kwa kufuata maandishi uliyoyaacha.

Kwa sababu hiyo anayefanya kazi hapa hatekelezi mpango kutoka kwenye kompyuta yake. Umeme ukikatika Ngagara katikati ya utekelezaji, kufuli ambalo Terraform huliweka kwenye kumbukumbu yake linabaki limefungwa na nusu ya kazi inaning'inia. Anachotuma ni andiko, kilobaiti chache, na mtambo ulio karibu na mashine ndio unaotekeleza na kutunza kumbukumbu. Kilobaiti chache hupita hata kwenye laini iliyochoka.

Halafu kuna dola. Ankara ya wingu huja kwa dola, na mwenye biashara hapa anajua kuzipata dola hizo ni safari ya namna gani. Nodi inayokesha bila kazi inakula fedha za kigeni. Saa ya Bujumbura na ya Cape Town ni moja, basi watu wetu wanapolala ndipo na kundi la malipo linapopungua, kwa ratiba iliyoandikwa ndani ya moduli. Mashine za bei nafuu ambazo AWS inaweza kuzidai wakati wowote hupata onyo la dakika mbili kabla ya kuondolewa. Anayejua kuaga kwa sekunde 30 anaziona dakika mbili kuwa nyingi, na anaweza kulipa sehemu ndogo tu ya bei. Asiyejua hulipa bei kamili, kwa dola.

Ninachokipenda zaidi hukipati kwenye mashine. Badiliko likipendekezwa, wenzako hulisoma kabla halijatekelezwa. Mpango uko kwa Kiingereza, mmoja anauliza kwa Kifaransa kwa nini kundi la ripoti linafutwa, mwingine anajibu kwa Kiswahili, wanamalizia kwa Kirundi, na mazungumzo yote yanabaki kando ya mstari uliobishaniwa. Mwaka mmoja baadaye mgeni wa kazi akiona idadi ya chini ni mbili na akataka kuweka moja ili kuokoa fedha, atakuta juu ya namba hiyo maelezo ya mistari miwili: programu ya malipo ina nakala mbili, na kila moja inataka nodi yake. Anaweza kuibishia sababu hiyo, hata kuishinda, kwa sababu ameikuta imeandikwa.